Baruti Si Baruti Tu

Nakumbuka siku moja nilivyomfunga rafiki yangu mkono kwa shati langu mwenyewe, na damu bado ikapita. Sitakuficha, mwanangu. Bastola aliishika yeye, lakini damu ile niliimwaga mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa najifunza kazi kwa Mzee Sadallah, fundi bunduki mwenye leseni, karakana yake huku Nakawa nyuma ya viwanda. Babu zake walikuja Kampala na biashara kutoka pwani. Yeye akachagua tupa na mzani. Tulikuwa tukijaza risasi za klabu moja ya kulenga shabaha. Maganda yaliyokwisha kupigwa tuliyasafisha, tukatia kiwashio kipya, baruti, kisha kichwa cha risasi. Kazi ya mkono, ganda moja moja.

Rivolva zao zilikuwa zile kubwa, magnamu. Ganda lake refu linataka baruti inayoungua polepole, inayosukuma. Baruti ya haraka ni ya bastola ndogo. Ukiijaza katika ganda lile, haisukumi, inapasua. Mzee alinieleza hayo mara nyingi, nami kila mara nikajibu, "Ndiyo, Mzee." Sikio la kufa, mwanangu!

Ijumaa Mzee akaenda msikitini. Meneja wa klabu akapiga simu: kesho mashindano, anataka risasi leo hii. Nikafungua mkebe wa baruti ya polepole, mtupu. Rafuni ulikuwepo mwingine, wa baruti ya haraka, lakini jina lake sikulisoma. Nikautazama ndani: chembe ndogo, rangi ya majivu, kama zile zile. Nikajiambia, baruti ni baruti. Nikajaza kwa kipimo kile kile. Hata leo nikisema haya hasira inanipanda, na wa kupigwa bakora ni yule kijana mpumbavu niliyekuwa.

Rafiki yangu Kato alikuwa mwalimu wa klabu, na risasi mpya aliijaribu yeye kwanza. Jumamosi asubuhi, nami nikiwa nimesimama pembeni, akapiga moja. Mlio ule haukuwa wa bastola. Silinda ilipasuka, chuma cha juu kikapinda kama kijiko. Tukamkimbiza hospitali ya Mulago. Madaktari wakauokoa mkono. Vidole viwili havikuokoka.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Meneja alinivuta pembeni hapo hapo hospitalini.

"Yusufu, sema Kato alishika bastola vibaya. Hapo maneno yanaisha."

Sikusema ndiyo. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kule kulikuwa ndiyo tupu. Siku tatu nzima mtu alilala kitandani bila vidole, na huku nje anaitwa mzembe. Mwalimu wa watu! Kwa kosa langu!

Siku ya nne Mzee Sadallah hakuniuliza yaliyotokea. Alichukua risasi zilizobaki, akafungua moja, akaimwaga baruti yake juu ya karatasi nyeupe. Akaniita.

"Hii ni nini?"

"Baruti, Mzee."

"Baruti gani?"

Mzee akapiga meza hadi mzani ukaruka.

"Umemkata mtu vidole, sasa unataka kumkata na jina? Inuka, twende!"

Nilisema yote mbele ya kitanda cha Kato, meneja akiwa amesimama pale pale na uso umemvimba.

"Mimi niliamini wewe, ssebo," akasema Kato, akiniita bwana kwa Kiganda. "Risasi yako nilikuwa napiga bila kuangalia."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Klabu ikatunyima kazi, Mzee akasema waende salama. Mwaka mzima nikawa naosha maganda tu, bila kugusa baruti. Nilinung'unika, ndiyo, lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Kato alirudi kufundisha, na baada ya muda akaanza kunisalimu. Risasi yangu hakuipiga tena, wala sikumlaumu.

Kwa nini nakusimulia? Kwa sababu juzi kijana mmoja, fundi mwenye leseni mfukoni, alinionyesha simu. "Mzee, huyu jamaa amesema baruti yoyote inafaa." Jamaa yupi? Anajulikana kwao? Bastola ikipasuka, atakuja Mulago kukushikia mkono uliobaki? Nilifoka hadi majirani wakatoka nje. Sijutii.

Basi shika haya. Baruti iliyo mkebeni itambue kwa jina lililoandikwa na mtengenezaji wake. Rangi na harufu zitakudanganya. Kipimo kifuate kitabu cha mtengenezaji huyo huyo. Maneno ya kijiweni na ya simuni yaache huko huko. Mkebe usioujua usiuguse, hata mteja akilia. Pasipo baruti inayofaa, sema hakuna, ufunge mlango, ule chakula chako. Na ukikosea, mwanangu, maana utakosea, kimbilia kusema kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini anayeficha mwiba katika mguu wa mwenzake, huyo sina jina lake.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usioogopa kweli. Akulindie vidole vyako, na vya kila atakayekuamini. Amina.