Bi Zuleha wa Dunda na Neno Alilokatazwa Kulisema

Alizaliwa Mbegani mwaka 1969, binti wa kwanza wa Mzee Mwinyimvua, muadhini na mkulima wa minazi. Wapo wanaosimulia kwamba siku ile mvua ilinyesha kwa heshima yake. Ilikuwa masika, mvua ingenyesha hata kama angezaliwa mwizi. Alisoma Kurani chuoni kwa babake, akaolewa Dunda, akafiwa na mume angali kijana. Wito wake ulimjia pale jirani mmoja alipofariki kwa maradhi yaliyoogopwa, na wanawake wakawa wanasukumana mlangoni, kila mmoja ana udhuru. Zuleha alikunja mikono ya gauni akasema, "Huyu ni mwenzetu. Leteni maji." Tangu hapo akawa mwosha maiti wa wanawake wa Dunda, na hakuwahi kupokea ujira.

Figo zake zilipokufa, akawa mtu wa kupelekwa Dar es Salaam kila wiki kusafishwa damu, mpaka mwaka 2019 mdogo wake, Salumu, alipompa figo yake moja. Upasuaji ulikwenda salama. Hapa ndipo wasimulizi wetu hufunga kitabu na kuitikia amina, kana kwamba mtu akishashonwa amekwisha kupona. La! Mtihani wake ndipo ulipoanza. Paji la uso likipata joto kidogo tu, alidhani figo inakataliwa. Akisinzia, aliwaona maiti aliowaosha, kila mmoja ana sura yake yeye. Akimwona Salumu ameshika ubavu, alikimbilia chumbani kulia. Akijaribu kusema, watu walimcheka: "Wewe mwosha maiti, leo unaogopa kufa?" Wengine, na hao ndio waliomchosha zaidi, walimwambia ashukuru. Neno jema la Mwenyezi Mungu likageuzwa kizibo cha mdomo wa mgonjwa.

Jamaa wakasoma maulidi ya shukrani. Salumu alikalishwa mbele kama bwana harusi, na shangazi yao, Bi Ashatu, akamtaka Zuleha asimame awaeleze wageni furaha yake. Alisimama, akafungua kinywa, kikatoka kilio. "Naogopa," alisema, "naogopa, jamani, niacheni!" Badala ya kumuuliza anaogopa nini, wakaulizana ni jini gani. Bi Ashatu alikata shauri kwamba figo ya mwanamume ndani ya mwili wa mwanamke imeingia na jini wake. Akaitwa fundi aandike kombe, zile aya za zafarani zinazooshwa kwa maji ya waridi mgonjwa akanywa. Kombe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la shangazi, aliyechukua vidonge vinavyouzuia mwili usiikatae figo, akavificha darini, akisema, "Dawa ya kisomo haichanganywi na ya hospitali. Ukichanganya, umeonyesha huna imani." Na Zuleha, kwa aibu ya kilio kile, alitii. Mtu mzima, mwenye akili zake, alitii!

Haikupita wiki, homa ikampanda na miguu ikavimba. Salumu alipokuja kumjulia hali na kusikia habari ya vidonge, alipanda darini mwenyewe, akashuka navyo, vumbi tupu. Zuleha alimwomba radhi kwa kuipoteza amana yake. Salumu akamjibu, "Dada, figo nilikupa. Sikukupa ili unilipe kwa kucheka. Lia, lakini twende hospitali." Figo ilinusurika kwa shida. Huko daktari wa maradhi ya akili alimweleza kwamba hakulogwa wala hakukufuru. Moyo wake umeumia, na wengi waliopandikizwa figo huumia hivyo. Zuleha alimkasirikia. "Mbona hamkuniambia kabla ya kisu?"

Alirudi Dunda, akaanza matibabu ya moyo wake pamoja na ya figo, na kila Alhamisi baada ya alasiri akafungua ukumbi wake kwa wagonjwa wenziwe. Sharti lilikuwa moja: mtu asiambiwe ashukuru mpaka amalize kusema. Huko aliletwa Ahlam binti Hamed, msichana wa duka la vitambaa, aliyepewa figo na mamake mzazi. Mama alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe amepona, na kumbe mwana alikuwa akitema vidonge. Ahlam alikaa Alhamisi nyingi bila kusema kitu, na Bi Zuleha, ambaye subira haikuwa tabia yake, alikaa naye. Hatimaye binti akasema, "Bi Zuleha, hii figo naichukia. Kila nikimtazama mama, naichukia."

"Ichukie," Bi Zuleha alimjibu. "Na vidonge umeze."

Ahlam alimeza mbele yake, akalia mpaka magharibi. Leo anafundisha watoto skuli. Kama watu wanataka muujiza, muujiza ndio huo.

Bi Zuleha alifariki mwaka 2024 kwa kichomi, akiwa nyumbani kwake. Alipohisi mwisho umekaribia, alisema, "Naogopa." Sheikh Maulidi, aliyeitwa kumsomea, alianza kumkataza, akamwambia mcha Mungu hasemi hivyo. Salumu akasema, "Sheikh, mwache amalize." Akamaliza. Alisema yote aliyoyaogopa, kubwa na dogo, kisha akaomba aelekezwe kibla, akatoa shahada kwa sauti iliyosikika uani.

Sasa watu wanachota udongo wa kaburi lake, wanaukoroga kwenye maji na kuwanywesha wagonjwa wa figo, watu ambao kinga ya miili yao imepunguzwa makusudi. Udongo! Na jamaa wametuma ujumbe kwamba neno lile la mwisho lifutwe katika habari hii ya maisha yake, kwa kuwa mtakatifu haogopi. Halikufutwa. Alilisema mara ya kwanza wakamwita mwenye jini. Hatutamnyamazisha tena akiwa kaburini. Anayetaka baraka ya Bi Zuleha na auache udongo wake. Aende kwa jirani yake aliyerudi na figo mpya, amuulize anaogopa nini, kisha anyamaze asikilize.