Yule mtoto wa Mlandege "aliyeharibiwa na sindano": mimi namjua, na mamake nilimuuliza

Salaam wakuu.

Haya ni ya kweli tupu, nimebadilisha majina tu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Miaka saba iliyopita nilikuwa nimeolewa Mlandege, Unguja mjini. Chini duka, juu tunakaa sisi na mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu. Binti yangu wa kwanza, Salha, akafikisha miezi tisa. Wakati wa sindano ya surua.

Wifi yangu anayeishi London akapiga simu. Huko, akasema, watu wanazikimbia sindano hizo, zinaleta autism. Neno lenyewe pale nyumbani hakuna aliyelijua. Akaeleza: mtoto hasemi, hakutazami usoni, yuko kwenye dunia yake.

Mavyaa akaweka simu chini, akasema, "Kama Zainabu."

Balaa likaanzia hapo.

Zainabu ni binti wa Bi Rauhiya, mdogo wake mavyaa, anayekaa uchochoro wa nyuma. Alikuwa na miaka kama minane, hasemi. Mkivua viatu mlangoni kwao anavipanga kwa ukubwa, na ukikivuruga kimoja analia mpaka kirudi mahali pake. Mtoto mzuri, basi tu yuko vile.

Haikupita wiki, ukoo mzima una habari kamili: Zainabu alikuwa anasema vizuri, akachomwa, ulimi ukafunga. Nani aliyemsikia akisema? Hakuna. Nani aliyemuona akichomwa? Hakuna. Lakini kila aliyehadithia aliongeza chake. Mmoja alijua mpaka mkono uliochomwa!

Mume wangu naye, mtu mzima na ndevu zake, ananiambia mama kasema tungoje.

Tungoje nini? Surua ilishaingia mtaa wa Amani, na nyumba ya jirani mtoto alikuwa kalala, mwili mzima vipele. Salha akikohoa tu roho yangu inaruka. Kila nikivaa buibui niende kituo cha afya, mavyaa yuko ukumbini na tasbihi, anauliza naenda wapi. Nikijibu, sina adabu.

Wakuu wa bara, niwaeleze kidogo. Kwetu kuna kitu stara. Habari za mtoto kama Zainabu haziulizwi. Unakwenda kwa mamake, unanyweshwa kahawa, mnazungumza yote, la mtoto mnalipita kimya ili usimuumize mwenzio. Heshima nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba wakishateremka ngazi wanauhadithia mji mzima.

Nikachoka. Asubuhi moja nikambeba Salha, nikaaga kwamba naenda kumwamkia Bi Rauhiya. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza waziwazi, Zainabu alichomwa sindano ya surua lini.

"Huyu hajachomwa, mwanangu," akasema. "Wakati wake nlikuwa shamba, Mangapwani, nnamuuguza mkwe wangu, sikumpeleka. Ikamjia surua yenyewe, nkakaribia kumzika. Na kunitazama, alikuwa hanitazami tokea mchanga, kabla ya surua wala chochote."

Nikamweleza yanayosemwa. Macho yakamjaa machozi.

"Miaka yote hii hapana hata mmoja alieniuliza."

Akavaa buibui, akamshika Zainabu mkono, tukarudi wote kwetu.

Mavyaa alikuwa anachagua mchele. Bi Rauhiya hakukaa.

"Dada, mwanangu hajachomwa sindano hiyo. Msimfanye kitisho cha kuwazuilia watoto wa wenzake."

Mavyaa akaendelea kuchagua mchele wake. Halafu, wakuu, wallahi akasema hivi: "Basi labda alikaa karibu na waliochomwa."

Nilishindwa hata kukasirika. Ushahidi wote umeanguka, na bado mtu anatafuta pa kushika!

Bi Rauhiya akamchukua Salha mikononi mwangu, akaniambia twende. Mavyaa hakumzuia mdogo wake. Angemwambia nini, na Zainabu amesimama pale anapanga viatu vyetu mlangoni?

Salha akachomwa, akalia, akapata homa kidogo, kesho yake akanywa uji wake kama kawaida. Nesi alituambia sindano ile haileti autism, na madaktari mpaka leo wanasema hivyo hivyo. Surua ikapita mtaani, kwetu haikugusa mtu. Sasa Salha yuko darasa la pili, na mwalimu wake haishi kuniita kwa sababu hanyamazi.

Mngedhani yameisha.

Mwezi uliopita nilikuwa harusini, nimekaa na Bi Rauhiya. Mama mmoja tusiyemjua akasogea kutupa nasaha: mjukuu wake hatamchanja, kwa sababu Mlandege kuna mtoto wa kike alikuwa anasema vizuri, akachomwa, ulimi ukafunga. Anao uhakika, kaambiwa na watu wa karibu.

Bi Rauhiya akaweka sahani yake chini.

"Mamake ni mimi," akasema. "Niulize."

Yule mama akainuka kwenda kutafuta sharubati. Hakuuliza. Hata pale, mama mwenye mtoto yuko mbele yake, hakuuliza.

Nilichojifunza wakuu: hofu ya mzazi naielewa, mimi pia ni mzazi. Nisichokielewa ni kumfanya mtoto wa mwenzio ushahidi halafu ukaogopa kumuuliza mamake, ukaiita hiyo stara. Na surua haingoji mmalize kunong'ona.

Uwanja ni wenu, semeni, hata wanaonipinga. Ila anayetaka kuniletea "kuna mtoto mmoja namjua", aanze kwanza na alichoambiwa na mamake.