Mwaka wa Kusubiri Mabati

Enzi zetu mtoto hakwenda shule mikono mitupu. Jumatatu ulibeba jiwe kutoka mtoni, katikati ya wiki dumu la maji, na Ijumaa ilikuwa zamu ya kinyesi cha ng'ombe, cha kusiliba sakafu ya darasa ili vumbi litulie na funza wasituingie vidoleni. Mwalimu wa zamu alisimama langoni akakagua mizigo kwanza, kucha baadaye. Ukija na jiwe dogo unarudishwa mtoni, na maji yale yanayoshuka kutoka Meru, mwezi wa sita, yalikuwa na baridi ya kukutia ganzi mpaka magotini. Leo mwanangu nikimwambia abebe chupa yake mwenyewe ya maji ya kunywa, ananilalamikia kuwa begi ni zito.

Nazungumzia Sokon I, kando ya mji, miaka ile ruksa ya biashara ilipoanza kunoga, migomba ikiwa bado mingi kuliko nyumba. Duka letu la jirani, ambalo tulilizoea likiwa na chumvi, kiberiti na rafu tupu, ghafla lilijaa sabuni za kunukia na biskuti za Kenya, na siku ya gulio mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, akina mama wakaiinamia kutwa nzima. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka mtu aitwe kwao mara tatu. Ukipita kwa Koko, bibi wa Kiarusha aliyekuwa jirani yetu, ulikuta loshoro kwenye bakuli moja kubwa, mahindi laini ndani ya maziwa ya mgando, na hakuna aliyekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Ulinawa, ukakaa, ukala.

Baba yangu alikuwa Mchaga wa Machame. Kwa miaka mingi aliendesha gari la kiwanda cha serikali, mpaka walipoanza kupunguza watu na yeye akapunguzwa. Akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Ngarenaro, lakini moyoni alibaki mtu wa serikali. Suti yake ya Kaunda ilining'inia kabatini ikiwa imepigwa pasi, eti huenda akaitwa. Yeye alisoma bure na kupewa daftari na penseli kila mwanzo wa mwaka, na jambo hilo hakulisahau kamwe. Redio ikianza kusema kwamba wananchi sasa wachangie gharama za elimu, aliijibu kana kwamba msemaji amekaa mezani kwetu.

"Shule ni ya serikali," alisema. "Serikali ijenge."

Mama, Mmeru aliyekulia migombani, alimwacha amalize. Kisha akauliza kama serikali hiyo inamjua Neema.

Neema ni mdogo wangu. Siku hizo cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha watu wachache, kwa hiyo mtoto akipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umekua. Neema alilifikia vizuri tu, akaambiwa darasa limejaa, arudi mwakani. Mwakani akalishika tena, darasa limejaa tena. Mimi nikiwa la tano, yeye alikuwa na miaka tisa kamili na hajawahi kuketi darasani hata siku moja. Alijifunza kusoma kwa madaftari yangu yaliyokwisha, akianzia ukurasa wa mwisho kwa sababu ndio uliokuwa msafi.

Ndipo mwalimu mkuu alipoita mkutano. Alisema, wazazi wakijenga boma la darasa kwa nguvu zao, kuanzia msingi hadi lenta, ule mkanda wa juu ya madirisha, serikali italeta mabati. Paa likikaa, Januari utafunguliwa mkondo wa pili wa darasa la kwanza na watoto wote waliorudishwa wataingia. Paa lisipokaa, hakuna mkondo. Aliongeza kwa sauti ya chini kwamba mtoto akishavuka miaka kumi inakuwa vigumu kumpokea. Mama alirudi nyumbani, na usiniulize alipika nini siku ile, maana kiliungua.

Kazi ilianza. Sisi wanafunzi tulibeba mawe ya msingi na mchanga, akina mama wakachota maji, akina baba wakafyatua matofali na kuyachoma. Baba yangu hakwenda. Aliondoka kila asubuhi kwenda kibandani kwake akipita mbele ya tanuru bila kugeuza shingo, na mafundi walimsalimia kwa heshima kubwa kupita kiasi, ile heshima ya kumchokoza mtu. Niliona aibu. Wasichana wenzangu waliniuliza kama baba anaumwa mgongo, nikasema ndiyo.

Jumatatu moja alitukuta njiani, mimi na Neema, kila mmoja na jiwe kichwani. Akasimamisha baiskeli.

"Wewe hujaandikishwa," akamwambia Neema. "Jiwe la nini?"

"La darasa langu, baba," akajibu, na wala hakusimama, kwa sababu jiwe lilikuwa zito.

Baba alibaki pale barabarani. Nilipogeuka mara ya pili alikuwa bado ameshika usukani wa baiskeli, anatutazama. Kila Jumatatu Neema aliweka jiwe lake kwenye lundo, mwalimu wa zamu akampa tano, kisha akarudi nyumbani peke yake wakati sisi tukipanga mistari. Nilimzoea. Sasa nikikumbuka naumia.

Boma lilifika lenta mwezi wa kumi. Mbao za kenchi, za kubebea paa, zikapatikana. Tukasubiri mabati. Mwezi wa kumi na moja ukaingia, mabati hayakuja, mvua za vuli zikaja. Matofali yetu yalikuwa yameshikiliwa kwa udongo, na udongo ukinywa maji huachia. Mama akawafundisha wenzake mambo ya kwao: magome makavu ya migomba yakapangwa juu ya kuta kama vile mtu anavyofunika kihenge cha mahindi, yakakandamizwa kwa mawe. Kila wingu likishuka kutoka mlimani uliona wanawake wanakimbia na matita ya magome, kanga zimefungwa viunoni, wanatukanana kwa upendo. Lakini mchana mmoja mvua iliwawahi, na kona ya upande wa mto ikamong'onyoka mbele ya macho yetu. Neema hakulia. Alisogea akaanza kutoa matofali mazima kwenye tope na kuyapanga pembeni.

Baba aliyakuta hayo akitoka kazini. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye tope akaanza kukanyaga udongo na wenzake. Hakuna aliyemtania. Usiku wakati wa chakula alisema jambo moja tu: "Kazi ya wazazi imekwisha. Sasa nakwenda kuikumbusha serikali kazi yake." Mama alinitazama, nikatazama sahani yangu.

Kuanzia hapo suti ya Kaunda ilitoka kabatini kila Jumatatu. Alikwenda ofisi ya elimu mjini, akakaa kwenye benchi, akaambiwa fungu halijafika, akashukuru, akarudi. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Makarani walimzoea mpaka wakawa wanamwachia gazeti. Ikafika Desemba, shule zimefungwa, akasema leo tunakwenda na Neema. Mimi nilichukuliwa ili nimshike mkono wakati wa kuvuka barabara. Mama alitupaka mafuta mpaka tukang'aa.

Afisa alikuwa mtu mnene mpole mwenye macho ya usingizi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Mzee wangu, nimeshakueleza," alisema. "Fungu la mabati halijatoka. Siku hizi ni kuchangia gharama. Wazazi mngejikaza kidogo mkamalizia."

Hotuba ya baba ya miaka yote niliijua kwa moyo, nikajiandaa kuisikia. Hakuitoa.

"Mkubwa, tumechangia," alisema. "Mawe tumebeba, matofali tumechoma, mbao tumechana. Kona imeanguka tumeijenga upya. Tumebakiza paa tu, na paa ndilo mlilosema ni lenu." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Neema, mwonyeshe mkubwa sikio."

Neema akapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vilipita sikio, vikapita na shavu, vikafika chini ya kidevu.

"Huyu alilishika mwaka juzi," baba akasema. "Mwaka jana akalishika. Sasa nimlete tena mwakani, ashike bega?"

Karani aliyekuwa dirishani alicheka. Afisa hakucheka. Alimwangalia Neema muda mrefu, naye Neema akabaki na mkono juu ya kichwa kwa sababu hakuna aliyemwambia aushushe.

"Unasoma darasa la ngapi, mwanangu?"

"Bado," alisema Neema.

"Shusha mkono." Akavua miwani, akaifuta. "Mzee, kuna mabati yalipangiwa shule nyingine ambayo boma lake halijafika hata madirishani. Siwezi kukuahidi. Lakini leo hii naandika, na nitaipeleka barua hiyo kwa miguu yangu mwenyewe."

Tukarudi. Ngarenaro baba alitununulia mandazi, mawili kila mmoja, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alilolisema njiani ni kwamba yule bwana amezungumza kama mtu aliyewahi kukaa chini darasani.

Krismasi ikapita. Wiki ya kwanza ya Januari, mchana, watoto walikuja mbio kutoka chini: lori! Lilikuwa limekwama kwenye tope kule bondeni, magurudumu yanazunguka bure, na juu yake mabati yanang'aa mpaka ukisogea unafumba macho. Hakuna aliyengoja lichomolewe. Watu walishuka na kata vichwani, wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wakapanda kilima na mabati yakigongana njia nzima kwa kelele ambazo sijasikia muziki wa kuzishinda. Baba alibeba mbele, mama nyuma, na mama alimwambia mara tatu apunguze mwendo. Koko alisimama kwenye uzio wake akitoa baraka kwa lugha yake ya Kimaa na kututemea mate kidogo, kama wazee wa kwao wanavyobariki. Mafundi walipanda siku ileile.

Jumatatu Neema aliandikishwa. Mwalimu mkuu, kwa mazoea, alianza kumwambia apitishe mkono, halafu akamtazama alivyo mrefu, akaacha, akaandika jina. Aliketi nyuma kabisa ili asiwazibe wenzake. Mimi darasani kwangu sikusikia neno la mwalimu asubuhi nzima, kwa sababu ng'ambo ya ukuta walikuwa wanakariri a, e, i, o, u na sauti moja ilikuwa kubwa kuliko zote.

Siku hizi naishi Njiro. Watoto wa jirani hufuatwa na basi mlangoni, wanapanda wakiwa wameinamia simu, na wazazi tunagombana kwenye kundi la simu kuhusu rangi ya soksi. Sisemi kwamba kubeba mawe kulikuwa kuzuri. Kulituchubua vichwa, na wapo waliobeba na bado hawakupata nafasi. Ila nikipita kule Sokon I, ambako migomba imekwisha na nyumba zimeshikana, ukuta ule wa matofali mekundu naujua, na naweza kukuonyesha kona ambayo baba aliikanyagia udongo. Mwanangu hana ukuta wa namna hiyo. Namwonea wivu kwa mengi, na kwa hilo namhurumia.

Neema sasa ni muuguzi. Mwaka jana mwanawe wa mwisho alikuwa anaingia la kwanza katika shule ileile, na mkutano wa wazazi ulipoitwa yeye alikuwa zamu, akaniomba niende badala yake. Baba akasema hawezi kubaki nyumbani. Nilimshika mkono mpaka kwenye viti vya mbele. Mwenyekiti wa mtaa, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akatangaza kwamba serikali imeleta fungu la madarasa mawili, kuanzia msingi hadi rangi, na madawati yake. Watu wakapiga makofi. Baba akanyoosha mkono, akasimama kwa taabu.

"Mawe tuanze kuleta lini?"

"Shikamoo babu. Mawe hayahitajiki, fundi anakuja nayo."

"Na mchanga?"

"Nao unakuja na lori, babu."

"Sasa sisi tulete nini?"

Kijana akatabasamu. "Leteni watoto tu."

Nilingoja baba ajisifu, maana hayo ndiyo aliyoyapigania maisha yake yote na sasa alikuwa na mashahidi. Hakujisifu. Alibaki amesimama, ameshikilia mgongo wa kiti chake.

"Wote?" akauliza.

"Wote, babu."

Ndipo akakaa.