Kiti cha wateja kimehamia meza ya Wambui

Leo nimenyang'anywa mteja nikiwa nimeshika chai yake mkononi.

Mnajua vile hapa River Road mteja wa kuchapisha huketi kando yako wewe mchoraji wa kompyuta, anaangalia skrini na kukuambia, "Songesha kushoto kidogo."

Mama Ciru wa Kitisuru ni wangu. Kila mwaka namchorea kalenda ya kanisa lao. Yeye huvuta kiti, tunapiga stori, na mimi nachora visanduku vya tarehe, mstari mmoja baada ya mwingine, nikipima kwa macho.

Asubuhi yote inaisha hivyo.

Leo nimetoka tu kumletea chai.

Kurudi, visanduku vyote viko tayari!

Wambui, msichana mpya wa meza ya pili, ameinamia kompyuta yangu, kwa programu ile ile ninayotumia, akaandika anataka safu ngapi, akavuta mausi mara moja. Nafasi zote sawa kabisa.

Nikajikaza. "Ni poa, lakini ya mkono huwa na roho."

Mama Ciru akanishika bega, kwa upole kabisa.

"Kamau, zako hupinda kila mwaka. Sikutaka tu kukuvunja moyo."

Kila mwaka, jameni!

Halafu akavuta kiti hadi meza ya Wambui, wakaanza kucheka.

"Kamau, si umletee Wambui chai pia?" Mama Ciru akaniambia.

Nimemletea.

Sukari sijatia.

Haya, nisemeni.