Maji ya Kabichi

Kwetu Jibondo ni jiwe tupu. Ukidondosha sindano, utaisikia ikilia kisiwa kizima. Tulijua kuunda vyombo vya bahari na kuvua, basi. Maji ya kunywa yalikuja kwa mashua kutoka Mafia kubwa, na mtoto wa kwetu alifunzwa kutomwaga tone kabla hajafunzwa kutembea.

Huko ndiko enzi za Mdachi alikoletwa mwalimu wa kutufundisha kilimo. Watoto tulikwenda kutafuta herufi, tukakuta majembe. Udongo ulisombwa kwa mapakacha katika mashua ileile ya maji, ukamwagwa nyuma ya shule, ukapandwa kabichi, kitu ambacho hakuna mtu kisiwani aliyewahi kukitia mdomoni. Kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake, na kila asubuhi alileta kibuyu cha maji kutoka kwao. Asiyeleta, viboko. Mama zetu walinung'unika mpaka nadhani hata papa walisikia.

Kabichi zote ziligoma kufunga ila moja, yangu. Ilikuwa kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Haya, tuseme cha mbuzi.

"Bwana mkubwa wa Kidachi akija akaikuta hivi," mwalimu aliniambia, "nitamwomba akupeleke shule kubwa ya bara. Utarudi karani."

Toka siku ile nilianza kutembea kikarani, mikono nyuma.

Habari ikaja kuwa bwana mkubwa atafika Ijumaa. Mashua yetu ilikuwa Mafia ikipakia maji. Ikashikwa imlete yeye, askari wake, viti vyake, hema lake na kuku wake. Mitungi yetu ikashushwa, ikaachwa pwani hukohuko.

Wakati huo bibi yangu alikuwa na homa. Mama akaweka mtungi wa mwisho karibu na kitanda chake, akatuambia, "Haya ni ya bibi yenu. Atakayeyagusa, mimi na yeye."

Alhamisi asubuhi kabichi yangu ikalegeza masikio.

"Karani," mwalimu akasema, "isipopata maji leo, kesho utamwonyesha bwana mkubwa tambara la kudekia."

"Kwetu hakuna maji, Mwalimu."

"Kwani kwenu hamnywi?"

Nikaenda nyumbani. Mama hakuwepo, na bibi alikuwa amefumba macho. Nikajiambia nitachota nusu. Nikachota yote. Nilipogeuka, bibi alikuwa ananitazama.

"Mjukuu wangu, nipe na mimi."

"Narudi sasa hivi, Bibi," nikamwambia, nikatoka na kibuyu.

Jioni mama alizunguka mlango kwa mlango na kata mkononi. Kila nyumba yenye mwanafunzi ilimjibu vilevile: yamekwenda shuleni. Madafu ya minazi yetu michache yalikwisha kuanguliwa kumsubiri mgeni. Mwanamke mmoja asiye na mtoto shuleni ndiye aliyeleta maji, kikombe kimoja cha kahawa. Hicho ndicho kilichomfikisha bibi Ijumaa.

Bwana mkubwa akaja, akaigonga kabichi yangu kwa fimbo, akacheka. Wazazi walikuwa wamepangwa mstari. Mwalimu akamgeukia baba, ambaye mikono yake bado ilinuka sifa, yale mafuta ya papa aliyokuwa akipaka chombo.

"Mzee, bwana mkubwa anauliza, sasa umeona kwamba watu wa Jibondo mnaweza kulima?"

"Mwambie tunaweza," baba akasema. "Tukiacha kunywa."

Mwalimu akasema Kidachi kirefu kama kamba ya nanga, na bwana mkubwa akampa baba mkono, akitabasamu. Sijui aliambiwa nini, ila najua si hayo.

Kabichi ikakatwa, ikaondoka naye, na mashua ikarudi na mitungi yetu. Mimi sikuondoka, wala shule ya bara haikutajwa. Baba akanitoa shuleni siku ileile. Herufi nilizipata baadaye, nina ndevu za kufagilia ua, katika darasa la jioni, na humo niliwashinda wote, hata aliyekuwa akitufundisha.

Bibi alipona, akaishi miaka mingi. Alinitania, alinichekea, alinilisha kwa mkono wake. Lakini maji hakuniomba tena. Akishikwa na kiu alimwita dada yangu, hata kama yuko pwani anaokota chaza na mimi nimeketi hapo ubavuni pake; aliita, akangoja mpaka dada apande kutoka pwani.