Machipukizi Nyuma ya Zizi

Huku kwetu Mungaa, kiangazi kikishika, maji ya kisima ndiyo yanayoamua nani atavuna nyanya na nani atabaki kuhadithia. Ndiyo maana nilipogolea. Kila asubuhi nilipita mstari kwa mstari nikivunja machipukizi yanayoota pembeni ya shina, ili maji machache tuliyonayo yaende kwenye matunda, yasiishie kwenye majani.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye ua mmoja, alikuwa akinifuata nyuma. Nilidhani ananisaidia kusafisha. Kumbe anayaokota, anayafunga kwenye kanga, anakwenda kuyachomeka ardhini nyuma ya zizi la mbuzi, kama mtu anayepanda marando ya viazi. Na yakashika! Nyanya haina adabu. Ichomeke tu penye unyevu, itaota. Kila nilichokitoa kikarudi kuwa mche, na kila mche ukataka maji ya kisima kilekile.

Nilichoka, jamani. Kumwambia usoni nisingeweza. Kwetu mkamwana hamkosoi mkwewe, hata akiona kisima kinaisha. Nikamtuma mume wangu. Alikwenda amekunja uso, kidume kweli, akarudi na ndoo mbili tupu.

"Mama anaomba nimchotee," akasema.

Kisima kikafika kwenye tope. Nyanya zangu zilikuwa zimejaa lakini bado kijani. Zikikosa maji wakati huo, kazi yote imekwenda bure. Hapo heshima ikanishinda. Nikamfuata mwenyewe nyuma ya zizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, maji hayatoshi. Hii miche iache. Unapoteza maji."

Aliinama akaendelea kusogeza udongo kwenye mashina, kana kwamba aliyesema ni mbuzi. Niliondoka nimefura, nikiapa kwamba kesho nitayasema yote, na anayetaka kuitisha kikao cha ukoo aitishe.

Kesho yake niliamka maneno yakiwa tayari mdomoni. Nikakuta mistari yangu yote imelowa, hata ule wa mwisho ambao mimi huuruka kwa uvivu. Nyuma ya zizi, miche yake ilikuwa imelala kwenye udongo mkavu. Mwenyewe amekalia ndoo aliyoipindua, miguu ina tope la kisima mpaka magotini.

"Zako zina matunda," akasema. Basi.

Sasa hasira zangu nimpe nani? Nilikuwa nimeziandaa vizuri, na yeye ameniachia mikononi, hata pa kuzitua sina. Nikarudi ndani, nikachukua maji kidogo niliyobakiza ya kuoshea vyombo, nikaenda kuyamwagia mche wake mmoja uliokuwa bado umesimama.

"Uache huo," mama akasema. "Unapoteza maji."