Mtoto wa Jino la Juu

Naikumbuka vyema, mwanangu, asubuhi moja hapa hapa Msambweni, jino moja dogo lilipoitikisa nyumba yetu nzima. Wifi yangu Mwanakombo, mke wa kaka yangu, alikuwa akimwogesha mwanawe. Nyanya yetu akatia kidole kinywani mwa mtoto, akakichomoa kama aliyeumwa na tandu. Jino la kwanza lilikuwa limeota juu.

Sisi tulikua tukiambiwa kuwa mtoto wa namna hiyo ni kigego, na kigego humuua babaye. Dawa ilikuwa moja: apelekwe mbali akalelewe na watu, asirudi. Tena kaka yangu alikuwa mgema, riziki yake iko juu ya minazi. Nyanya akasema mtoto aondoke siku hiyo hiyo, kabla babaye hajaanguka.

Wifi alipiga magoti mbele yake. Wallahi, sijaona tena adabu na ushupavu vikikaa pamoja vile.

"Nyanya, umewahi kumwona kwa macho yako baba aliyeuliwa na kigego?"

"Niliambiwa na mamangu."

"Naye aliona?"

"Naye aliambiwa."

"Basi niwie radhi, nyanya. Minazi imewaangusha wengi, na watoto wao waliota meno ya chini. Huyu simtoi."

Kaka akachukua kibuyu chake akaenda kugema. Mimi nilimtazama akipanda mpaka akashuka.

Nyanya alinuna siku nyingi. Wifi hakuacha kumwamkia shikamoo kila alfajiri, wala kumtekea maji. Alikataa jambo moja tu. Mengine yote mema ya nyumba ile aliyashika kuliko sisi tuliozaliwa humo. Na kaka alikuja kuacha ugema uzeeni, kwa sababu ya magoti yaliyochoka, si ya jino.

Nyanya alipopofuka, hakutaka kulishwa na mwingine ila mtoto yule, aliyemchambulia samaki miiba. Siku moja akampapasa uso, akalia. "Na huyu ndiye niliyetaka kumtoa!"

Mwanangu, mwacha mila ni mtumwa, hilo silikatai. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ulichoachiwa na wazee kitazame vizuri: kinachomlinda mtu kishike kiwe chako, kinachomfukuza mtoto kwao kiache, na mzee wako usimvunjie heshima.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kuuliza, na magoti ya kuulizia.